Mke wangu asema kila mtu abebe faili lake: tupimwe pamoja au kila mtu kivyake?

Mkazi wa Donholm ameuliza:

Wenzangu, nawasalimu. Mwezi Februari kaka yangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 51, alianguka katika kituo cha matatu cha Muthurwa akiwa na mfuko wa vitunguu mkononi, na waliomwinua walidhani amelewa kwa sababu mdomo ulikuwa umeenda upande na maneno yake hayakueleweka. Kilikuwa kiharusi. Daktari alipouliza ni lini alipimwa presha mara ya mwisho, sote tuliokuwa kando ya kitanda tulitazamana, maana hakuna aliyejua, na yeye mwenyewe alipopata nafuu ya kuweza kuzungumza alisema hakumbuki kuwahi kupimwa tangu alipoacha shule. Sasa anatembea kwa mkongojo, na mkono wa kulia bado haujarudi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimwambia mke wangu twende tukapimwe sote wawili, kila kinachopasa kupimwa kwa watu wa umri wetu. Mimi nina miaka 46, yeye 41. Tumeoana miaka 16 na tuna watoto watatu. Nilitarajia aniambie hana wakati au hatuna pesa. Hakusema hivyo. Alisema yuko tayari kupimwa hata kesho, ila hataki tuende pamoja. Maneno yake yalikuwa haya: "Kila mtu abebe faili lake."

Nilipomsihi anieleze, alinikumbusha mambo mawili ambayo siwezi kuyakana. La kwanza ni kwamba katika mimba zote tatu alienda kliniki peke yake, akapimwa virusi vya Ukimwi, kaswende na kundi la damu peke yake, nami nikayapokea majibu yale kana kwamba ni yangu pia, bila kutoa hata tone la damu. La pili ni kwamba dada yake alipopatikana na kisukari, mumewe aliugeuza ugonjwa huo kuwa fimbo: chakula kikiungua ni sukari, mtoto akianguka mtihani ni sukari, na wakwe wote walipewa habari kabla hata mgonjwa hajazoea dawa. Mke wangu hataki kuketi mbele ya daktari akisomewa mwili wake nami nikiwa kando, kisha siku tukikosana ayasikie majibu hayo jikoni.

Namwelewa, lakini bado naona kuna jambo tutalipoteza tukienda kila mtu kivyake. Zaidi ya kusindikizana na kuokoa nauli, kuna faida gani hasa ya mume na mke kupimwa pamoja? Ni vipimo gani vinavyotuhusu sote, na ni vipi vya kila mmoja? Na je, lipo jambo ambalo yeye analiona na mimi silioni?

Sista wa Eastlands amejibu:

Ndugu yangu, pole kwa yaliyomfika kaka yako. Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi katika vituo vya afya vya upande huu wa jiji kwa miaka 19, na nitaanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye uzito. Ndiyo, analiona jambo usiloliona. Anaona kwamba majibu ni ya mwenye mwili, na kwamba ndoa, hata ikiwa ya miaka 16, haimpi mwenzi haki ya kuyasoma kabla ya mwenyewe kukubali.

Hata hivyo, kupimwa pamoja si lazima kuwe kusomewa pamoja, na hapo ndipo wengi huchanganya. Utaratibu ninaoufuata ni huu: mnafika siku moja, mnapewa maelezo ya jumla mkiwa wawili, kisha kila mmoja anaingia kwangu peke yake, ana kadi yake na faili lake, na majibu yake anapewa yeye. Ndipo ninapomuuliza, mlango ukiwa umefungwa, kama angependa mwenzake aitwe na nimweleze nini. Akisema hapana, nikitoka nje sitamweleza mumewe wala sababu wala dalili ya sababu. Kwa hiyo mkeo anaweza kubeba faili lake na bado mkaenda pamoja. Mwambie hivyo.

Sasa faida. Presha na kisukari cha ukubwani huanzia nyumbani kabla ya kumpata mtu. Uchunguzi uliochapishwa Desemba 2023 uliwaangalia wanandoa wa makamo na wazee katika nchi nne, na ukakuta nyumba ambazo mume na mke wote wawili wana presha ni asilimia 47 Uingereza, 38 Marekani, 21 Uchina na 20 India. Mapitio ya tafiti yaliyotoka mwaka 2014 katika Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada yalionyesha kwamba mtu ambaye mwenzi wake ana kisukari, hatari yake mwenyewe huzidi ya wengine kwa asilimia 26. Magonjwa haya hayaambukizwi kwa kulala kitanda kimoja. Ni kwamba sufuria ni moja, saa za kulala ni zile zile, na anayekaa kwenye kochi jioni huwa na mtu wa kukaa naye. Kwa hiyo tukimkuta mmoja na tatizo, mwenzake ndiye mtu wa kwanza tunayepaswa kumpima, na huyo mara nyingi yuko umbali wa hatua kumi, ameketi kwenye benchi akitazama simu.

Mezani pangu nina kopo la chumvi, kijiko cha chai na karatasi. Wakija wawili, na wakikubali kuzungumza pamoja, humwomba yule anayepika aninyunyizie kwenye karatasi kiasi anachotia katika sufuria ya sukuma wiki, kisha humwomba yule asiyepika aongeze kile anachonyunyiza mezani kabla hata ya kuonja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na chumvi iliyojificha ndani ya mkate, soseji na vile vipande vya kiungo cha mchuzi. Mara nyingi rundo la yule wa mezani ndilo linalomshtua mwenyewe. Somo hilo siwezi kulitoa kwa mtu mmoja: nikimfundisha mume peke yake anarudi nyumbani kuamrisha, na nikimfundisha mke peke yake anaambiwa siku hizi chakula hakina ladha.

Sigara ni vivyo hivyo. Watafiti wa London walifuatilia wanandoa zaidi ya 3,700 na kuchapisha matokeo yao mwaka 2015: wanawake wavutaji ambao waume zao waliacha sigara wakati mmoja nao, nusu walifaulu kuacha, wale ambao waume zao waliendelea kuvuta, walifaulu asilimia 8 tu. Kinachonishangaza ni kwamba hata wale ambao waume zao hawakuwa wavutaji kabisa walifaulu asilimia 17 pekee. Kumbe kuanza pamoja kuna nguvu kuliko kuwa na mwenzi ambaye tayari ni mwema.

Kwenu wawili, vipimo vya pamoja ni presha, sukari ya damu kabla ya kula, uzito na mzingo wa kiuno, virusi vya Ukimwi, kaswende, na homa ya ini aina ya B, ambayo kama hamna na hamjawahi kuchanjwa, mnaweza kuchanjwa kwa dozi tatu. Kipimo cha figo hufuata iwapo presha au sukari imepanda. Ikiwa mmoja wenu amekohoa zaidi ya wiki mbili, semeni pia, kwa kuwa kifua kikuu huchunguzwa nyumba nzima.

Vya kila mmoja ni hivi. Mkeo anahitaji kuchunguzwa saratani ya mlango wa kizazi. Kipimo cha HPV, virusi vinavyoweza kuisababisha, kinapendekezwa kuanzia miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10, na kwa mwanamke anayeishi na virusi vya Ukimwi ni kuanzia miaka 25, kila baada ya miaka 3 hadi 5. Siku hizi sampuli anaweza kujichukulia mwenyewe nyuma ya pazia. Nakuomba ulielewe jambo moja kabla hajapimwa: HPV huenea kwa kujamiiana, wengi wetu tumewahi kuwa nayo, mara nyingi huondoka yenyewe, na inaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Mwanamke akipatikana nayo leo, hakuna mtaalamu duniani awezaye kusema aliipata lini wala kwa nani. Nimeona ndoa ikitikisika kwa sababu mume alisoma karatasi hiyo peke yake nyumbani. Angekuwa ameketi hapa nikimweleza, angejua kwamba huenda ni yeye aliyeileta, kabla hata hawajajuana vizuri.

Wewe, ukikaribia miaka 50, zungumza na daktari kuhusu tezi dume, na mapema zaidi kama baba au kaka yako amewahi kuugua saratani hiyo. Usikimbilie PSA, kipimo cha damu cha tezi hiyo, bila mazungumzo, maana hupanda pia kwa maambukizi, kwa uvimbe usio wa saratani, na hata kwa tendo la ndoa la siku moja au mbili zilizotangulia.

La mwisho, msikubali kupimwa presha mkiwa bado mnahema. Ketini dakika tano, miguu chini bila kukunja nne, mgongo umeegemea, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, msiwe mmekunywa kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyopita, na msizungumze. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi hupimwa tena siku nyingine kabla ya mtu kuitwa mgonjwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne hapa Kenya ana presha, na zaidi ya nusu hawakuwa wamewahi kupimwa. Kaka yako hakuwa peke yake.

Mwalimu wa Kasarani amejibu:

Nimemsoma Sista nikatikisa kichwa kwa kukubali, ila naomba kuongeza upande ambao watu hupenda kuupita haraka. Mimi na mume wangu tuna majibu tofauti: yeye anaishi na virusi vya Ukimwi, mimi sina. Tuliyajua hayo pamoja, siku moja, katika chumba kidogo chenye feni inayolia, miaka 11 iliyopita.

Tulichagua kupokea majibu tukiwa wawili. Kabla ya kututoboa vidole, mshauri nasaha alituuliza swali ambalo hatukuwa tumelifikiria: "Majibu yenu yakitofautiana, mtafanya nini mkitoka nje ya mlango huu?" Mume wangu alicheka. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mawili tu, tuwe nayo sote au tusiwe nayo sote, maana kichwani mwangu damu yetu ilikuwa imekwisha kuwa moja. Vile vipimo viwili viliwekwa mezani juu ya karatasi nyeupe, kila kimoja na namba yake, na kwa robo saa tulivitazama kama watu wanaochunga maziwa yasifurike. Changu kilitoa mstari mmoja. Chake, miwili.

Mkazi wa Donholm, jambo ulilolitaja kuhusu majibu ya kliniki ya wajawazito ndilo lililotuponza. Mimi nilikuwa nimepimwa wakati wa mimba ya kwanza, nikawa sina virusi, na mume wangu akajiona naye hana. Majibu ya mke si majibu ya mume. Ningependa sentensi hiyo ibandikwe kwenye kila kliniki ya Nairobi.

Kilichotusaidia kwa kwenda pamoja ni kwamba hakuna aliyelazimika kwenda nyumbani kutafuta maneno ya kumwambia mwenzake. Maneno yalisemwa na mtu aliyefunzwa kuyasema, na sote tuliyasikia kwa sauti ile ile. Alianza dawa wiki hiyo hiyo. Mimi nilitumia vidonge vya kinga vya PrEP hadi kiwango cha virusi kwake kiliposhuka kisionekane kwenye kipimo. Uchunguzi mkubwa uliothibitisha nguvu ya vidonge hivyo kwa wanandoa kama sisi ulifanywa hapa hapa, kwa jozi 4,747 za wenzi wa Kenya na Uganda, na kituo chake kimoja kilikuwa Thika, mwendo wa matatu moja kutoka kwetu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012, na maambukizi yalipungua kwa asilimia 67 hadi 75 kulingana na dawa iliyotumiwa. Baadaye imethibitishwa kwamba mtu anayemeza dawa hadi virusi visionekane hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Tumepata watoto wawili baada ya siku ile, wote hawana virusi.

Lakini sitampamba mtu. Mwanamke ambaye nyumbani anapigwa, au ambaye anajua kwamba majibu yatamtoa nje usiku na watoto, asiende pamoja na mumewe eti kwa sababu ni jambo zuri. Aende peke yake kwanza, amweleze mhudumu hali yake, wapange pamoja namna ya kumhusisha mume au kutomhusisha. Nilikaa kwenye kikundi chetu na wanawake wawili waliolazimishwa kwenda, na simulizi zao hazifanani na yangu hata kidogo.

Mhasibu wa South B amejibu:

Kwa heshima zote kwa Sista na Mwalimu, mimi ninakuja na malalamiko, na nadhani yana nafasi yake hapa. Februari mwaka jana nilinunua kifurushi cha uchunguzi wa wapendanao katika kliniki moja ya binafsi ambayo sitaitaja. Bei ilikuwa shilingi 18,500 kwa wawili, na orodha ya vipimo ilikuwa ndefu kuliko menyu ya hoteli. Nilijiona mume bora.

Katika orodha hiyo kulikuwa na vipimo vya damu vya kutafuta alama za saratani, na kimoja chao, CA-125, kilitoka kimepanda kidogo kwa mke wangu. Msichana wa kaunta, badala ya kumwita ndani, alimsomea pale pale mbele ya watu wapatao wanane na kumwambia atafute daktari wa saratani. Tulikaa wiki tatu bila usingizi. Daktari wa magonjwa ya wanawake alipomchunguza na kumfanyia picha ya mawimbi ya sauti, alikuta fibroidi za kawaida, yaani uvimbe wa kizazi usio wa saratani, akatuuliza pia kama alikuwa kwenye hedhi siku ile alipotolewa damu, naye alikuwa. Alitueleza kwamba fibroidi na hedhi huweza kukipandisha kipimo hicho, na kwamba hakifai kutumiwa kumchunguza mwanamke asiye na dalili wala historia ya saratani katika familia. Yaani tulilipia hofu.

Kwa hiyo, Mkazi wa Donholm, urefu wa orodha usikuhadae. Vile alivyovitaja Sista ni vichache, na vingi vinapatikana katika kituo cha afya cha umma. Kabla ya kukubali kipimo chochote, uliza: kikitoka kibaya, hatua inayofuata ni ipi? Kama aliye mbele yako hana jibu, weka pesa mfukoni. Na kabla ya kutoa damu, uliza ni nani atakayekupa majibu na katika chumba gani. Mke wangu tangu siku ile hataki kusikia neno pamoja, na kosa si lake.

Bwana Harusi Mtarajiwa ameuliza:

Samahani kwa kudandia swali la mwingine. Mimi na mchumba wangu tunatarajia kuoana Desemba. Kwetu ni Siaya, kwao ni Kilifi. Kanisa linataka cheti cha kipimo cha virusi vya Ukimwi kabla ya kutangaza ndoa, na hilo tutalifanya. Je, kuna kingine ambacho watu waliokwisha kuoana hawakihitaji lakini sisi tunakihitaji?

Sista wa Eastlands amejibu:

Mwanangu, umenifurahisha kwa kutaja mlikotoka. Pimeni selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli za damu. Maeneo ya Ziwa Victoria na Pwani ndiyo yenye watu wengi waliobeba chembe cha urithi cha ugonjwa huo, kwa kuwa ndiko malaria ilikotesa vizazi vingi, na kukibeba kimoja humkinga mtoto kwa kiasi na malaria kali. Aliyebeba kimoja huwa mzima na anaweza kuzeeka bila kujua. Mkiwa mmekibeba nyote wawili, basi kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumzaa mtoto mgonjwa, nafasi mbili za kumzaa aliyebeba kama ninyi, na moja ya kumzaa asiye nacho kabisa. Nasisitiza kila mimba, maana wapo wanaodhani wa kwanza akiugua, watatu wanaofuata wamesalimika.

Hiki ndicho kipimo kisicho na maana kubwa kwa mtu mmoja akipanga kuzaa. Maana yake hupatikana karatasi mbili zikiwekwa kando kwa kando. Sisemi msioane mkikutwa nacho wote. Nasema mjue, ili mtoto akizaliwa apimwe mapema na kuanzishiwa matunzo kabla ya homa na maumivu ya kwanza. Pimeni pia kundi la damu: kama bibi harusi ni Rhesus hasi na wewe ni chanya, atahitaji sindano ya anti-D, inayozuia mwili wake kushambulia damu ya mtoto, wakati wa ujauzito, na nyingine ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto aliye chanya.

Kuhusu cheti cha kanisa, pimeni kwa hiari yenu na kwa faida yenu. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Virusi vya Ukimwi ya mwaka 2006 inakataza mtu kulazimishwa kupimwa ili aruhusiwe kuoa au kuolewa. Wachungaji wengi hawaijui, na sikutumi ukagombane nao.

Na kwa Mkazi wa Donholm, nilisahau jambo la pesa. Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF katika bima ya afya ya taifa mnamo Oktoba 2024, hakikisha mkeo amesajiliwa kama mtegemezi wako na alama zake za vidole zimechukuliwa, kwa sababu nimeona wanandoa wakifika na mmoja tu ndiye anayeonekana kwenye mfumo. Ikiwa kazi inawabana, mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wenu anaweza kuwaanzishia nyumbani. Tangu mwaka 2023 wamepewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari.

Mkazi wa Donholm amerudi:

Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kurudi na habari. Kabla sijaendelea, niseme kwamba mke wangu ameniruhusu kuandika haya. Nilimwonyesha kila sentensi inayomhusu, na mbili amezifuta.

Jibu la kwanza la Sista nilimpa alisome kwenye simu akiwa amesimama mbele ya jiko. Alilisoma hadi chakula kikashika chini, kisha akasema, "Huyu sista ana akili," akaongeza kwamba hoja ya Mhasibu kuhusu kaunta ndiyo iliyomfanya akubali kwenda kituo cha afya badala ya mahali nilipopanga mimi, ambapo nilikuwa tayari nimeanza kuulizia kifurushi. Tulienda Jumamosi, bila kifungua kinywa.

Tuliketi zile dakika tano, miguu chini. Mzee mmoja kwenye benchi alituuliza kama tumekosana, kwa vile hatukuwa tukizungumza. Presha yangu ilikuwa 132 kwa 84. Nilikuwa nimejihesabia ugonjwa tangu Februari kwa sababu ya kaka yangu, na nikaona nimepona papo hapo. Sukari ndiyo iliyonivunja moyo: 6.4, ambayo niliambiwa bado si kisukari, kwa kuwa hicho huanzia 7.0, lakini si salama pia. Mimi ndiye wa chai ya vijiko vitatu.

Mke wangu aliingia nami nikabaki nje, kama tulivyokubaliana. Alikaa ndani muda mrefu. Nilisoma mabango yote ya ukutani, lile la kunyonyesha mara mbili. Kisha mlango ukafunguka nusu, akatoa kichwa, akasema, "Baba Wairimu, ingia." Presha yake ilikuwa 152 kwa 98, na ilipopimwa tena baada ya mapumziko ikawa 148 kwa 96. Yeye ambaye hajawahi kulalamika hata kuumwa kichwa. Niliulizwa mbele yake ni nani mwenye kidau cha chumvi mezani kwetu, nikakiri ni mimi, na kwamba yeye hupika kwa chumvi ya kutosheleza ulimi wangu ili nisiongeze, nami huongeza hata hivyo.

Sampuli ya HPV amejichukulia mwenyewe, na majibu ataitwa kwa simu yake, si yangu. Kile kipimo kingine cha kidole tulikifanya wote wawili. Alinitazama nikitobolewa, baada ya miaka 16 na kliniki tatu, akatabasamu kidogo. Majibu yake tunayo sisi.

Kidau cha chumvi kimehamia kabati la juu, ambalo mtoto wa mwisho ndiye pekee asiyelifikia na mimi ndiye niliyekatazwa. Nyuma ya mlango wa jikoni kuna karatasi yenye safu mbili, presha kwa upande wake na sukari kwa upande wangu. Safu yake ameikunja na kuibana kwa pini ili wageni wasiisome. Kaka yangu naye amemwomba mke wangu ampeleke mke wa kaka kupimwa, maana tangu Februari hakuna aliyekumbuka kwamba naye alikuwa akila chakula kile kile.

Jumatano ijayo tunarudi apimwe presha kwa mara nyingine kabla ya kuamuliwa kuhusu dawa. Ameniambia nije, ila niketi nje kwanza.